Kujiua kwa Waraibu wa Vileo walio Mikononi mwa Sheria

Kujiua kwa waraibu walio mikononi mwa sheria ni msiba utokeao pale mashaka matatu yanapomkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja: uraibu wa pombe au wa dawa za kulevya, dhiki ya moyo, na kufungwa au hofu ya kufungwa. Watu wanaokusudiwa hapa ni wengi kuliko wafungwa. Wamo mahabusu waliolala usiku mmoja katika chumba cha kituo cha polisi, washitakiwa wanaongojea hukumu rumande, wafungwa waliokwisha kuhukumiwa, watu walioachiwa kwa dhamana au waliowekwa chini ya uangalizi wa mahakama, na wale waliotoka gerezani lakini hawajapata bado mahali pa kusimama uraiani. Hatari haikugawanyika sawasawa juu yao wala juu ya siku zao. Huzidi mno katika nyakati mbili, yaani siku za kwanza za kuingia na majuma ya kwanza ya kutoka, na kwa kuwa milango yote miwili hufunguliwa na kufungwa na dola, vifo hivi, kuliko vifo vingi vingine vya kujiua, hutokea mbele ya mtu aliyekuwa na wajibu na nafasi ya kuvizuia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua ulimwenguni. Uraibu peke yake, hata kwa mtu aliye huru nyumbani kwake, huizidisha hatari hiyo kwa kiasi cha kutisha: tafiti nyingi ambazo wataalamu wa Marekani walizikusanya pamoja mwaka 2004 zilionyesha kuwa wenye ugonjwa wa pombe hujiua takriban mara 10 kuliko ilivyotarajiwa katika umma, na watumiaji wa afyuni na jamaa zake, heroini ikiwamo, zaidi ya mara 13. Kifungo nacho kina hatari yake. Seena Fazel wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzake, walilinganisha magereza ya nchi 24 zenye mali, na katika ripoti yao ya mwaka 2017 wakaona kwamba wanaume waliofungwa aghalabu hujiua zaidi ya mara tatu, na wanawake zaidi ya mara tisa, kuliko wenzao wa uraiani. Norway, ambayo magereza yake husifiwa mahali pengi kwa upole na usafi, ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko zote. Habari hii yafaa imzindue kila adhaniye kwamba kupaka kuta rangi na kutandika vitanda kutatosha.

Makundi haya mawili, la waraibu na la wafungwa, kwa hakika huingiliana sana. Mapitio mengine ya mwaka huo huo wa 2017, yaliyohusu wafungwa zaidi ya 18,000 katika nchi 10, yaliona kuwa takriban mfungwa mmoja katika kila wanne huingia gerezani akiwa na ugonjwa wa pombe, na kwamba wanaume 30 katika kila mia, na wanawake 51 katika kila mia, huingia wakiwa na uraibu wa dawa nyingine. Kwa hiyo askari wa mapokezi anayepokea wanawake wawili asubuhi yafaa ajue kwamba yamkini mmoja wao atakuwa mgonjwa kabla ya jua kuchwa.

Usiku wa kwanza ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu. Kijana aliyekamatwa saa kumi jioni, Magomeni, Dar es Salaam, au Kisauni, Mombasa, naye alitumia kete yake ya mwisho ya heroini asubuhi, hufikishwa kituoni, huvuliwa mkanda na viatu, hunyang'anywa simu, huandikwa kitabuni, kisha husukumwa katika chumba kilichokwisha kujaa watu. Ifikapo saa mbili au tatu za usiku arosto, yaani maradhi ya kukosa dawa aliyoizoea, imemshika: apiga miayo isiyokoma, machozi na kamasi zamtiririka, vinyweleo vyamsimama, mifupa yamuuma, tumbo lamsokota na kuharisha, na miguu haikubali kutulia. Waliomo chumbani humlaani kwa sababu ya uvundo na kelele. Askari wa zamu, ambaye ameona mateja wengi, humdhania kuwa ajifanyisha ili apelekwe hospitali akapate njia ya kutoroka. Arosto ya heroini huanza baada ya saa 6 hadi 12 tangu kete ya mwisho, hufikia ukali wake katika siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua polepole kwa muda wa juma moja au kuzidi kidogo. Lakini aliye ndani yake haoni kupungua kokote, naye hupata yakini kwamba mateso hayo hayana mwisho. Matabibu wamezoea kusema kwamba arosto hii ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Kauli hiyo ni kweli juu ya mwili uliopewa maji na matunzo, wala haisemi neno juu ya moyo uliofadhaika, uliokosa usingizi na kutengwa na kila awezaye kuutuliza, na ambao hatari yake hasa hutokana na fadhaa hiyo.

Pombe ina njia zake. Aghalabu mtu hukamatwa akiwa bado amelewa gongo au chang'aa, na ulevi huondoa hadhari iliyo ndani ya mtu, hivi kwamba fikira ambayo akiwa na akili timamu angeipuuza huweza kugeuka tendo katika muda wa saa chache. Akiwa ni mnywaji wa kila siku wa miaka mingi, kukatishwa ghafla humletea hatari nyingine: kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, kisha, katika siku ya pili, ya tatu au ya nne, wazimu wa kutetemeka ambao humfanya aone visivyokuwapo na kusikia sauti za watu wanaomwinda. Maradhi haya huua yasipotibiwa, na hofu yake huweza kumsukuma mgonjwa kujidhuru kwa kuwakimbia maadui ambao hawamo chumbani. Watumiaji wa vichangamsho, kama kokeini na methamfetamini, hawana tapiko wala tetemeko la namna hiyo. Wao huanguka katika usingizi mzito na sononeko kubwa, nao hudhaniwa kuwa wametulia ilhali ndio wanaohitaji kuangaliwa.

Juu ya maradhi ya mwili huja aibu na hesabu ya mambo yaliyopotea. Mtu ambaye jana alikuwa baba, fundi au mwanafunzi hujiona leo amekuwa mwizi wa vyombo vya mamaye. Na kile kileo kilichomkinga asiyaone hayo kimeondolewa siku ile ile aliyolazimika kuyatazama. Wengi wa waraibu, zaidi ya hayo, walikuwa na huzuni, au walipata madhila ya utotoni, au walikwisha kujaribu kujiua, kabla hawajakamatwa. Kutojua mwisho wa kesi huzidisha uchungu. Nchini Marekani kujiua ndiko kulikokuwa sababu kubwa kuliko zote ya vifo katika jela za wilaya, ambazo huweka zaidi watu wanaongojea kesi: katika mwaka 2019 watu 355 walijiua humo, nao ni kama 30 katika kila vifo mia vya jela hizo. Tena hesabu za serikali ya nchi hiyo za miaka 2000 hadi 2019 zaonyesha kuwa zaidi ya saba katika kila kumi ya waliojiua katika jela hizo walikuwa hawajatiwa hatiani kwa kosa lolote. Walikufa wakiwa, kwa mujibu wa sheria, hawana hatia.

Wanawake wamesahauliwa katika mambo haya kwa kuwa ni wachache gerezani. Uchache wao huficha uzito wa hali yao, maana wanawake wafikao gerezani kwa sababu ya dawa za kulevya aghalabu wamepigwa, wamebakwa au wameuzwa kabla ya kukamatwa, na wengi wameacha watoto mikononi mwa majirani. Mama aliyetengwa na mtoto anyonyaye, naye yumo katika arosto, ana majonzi mawili ambayo kila moja lingetosha kumwangusha mtu mwenye nguvu.

Mlango wa pili ni wa kutoka, na huu huwashangaza watu zaidi, kwa sababu kila mmoja hudhani kwamba siku ya uhuru ni siku ya furaha. Mtafiti Ingrid Binswanger na wenzake walifuatilia habari za watu 30,237 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani, kati ya mwaka 1999 na 2003, wakaona kwamba katika majuma mawili ya kwanza hatari ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129. Kujiua kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Uingereza na Wales, uchunguzi uliotolewa mwaka 2006 juu ya watu 244,988 walioachiwa huru ulipata 382 waliojiua kabla ya kutimia mwaka mmoja, na mmoja katika kila watano wa hao alikufa ndani ya siku 28 za kwanza. Wanaume walijiua mara nane, na wanawake mara 36, kuliko watu wa umri wao katika umma.

Sababu za hatari hii zajulikana. Mwili uliokaa miezi bila heroini husahau kuihimili, kama bega la hamali aliyekaa mwaka mzima bila kugusa gunia, na kipimo ambacho zamani kilikuwa cha kawaida sasa huzuia pumzi. Kwa hiyo vifo vingi vya majuma hayo huandikwa kuwa ni vya bahati mbaya. Lakini mpaka baina ya bahati mbaya na kusudi si mstari ulionyooka: wako waliotaka kulala tu wasiamke mapema, wako wasiojali waamke wasiamke, na wako walioazimia. Daktari anayeandika cheti cha kifo hana njia ya kumwuliza maiti, na kwa sababu hiyo idadi ya waliojiua miongoni mwa waraibu, katika kila nchi, yafaa ihesabiwe kuwa ni pungufu ya ilivyo kweli. Kwa upande wa moyo, atokaye gerezani hukuta chumba chake kimepangishwa, mke ameolewa kwingine, kazi imekwisha, na watu pekee wanaomlaki kwa bashasha ni wale wa kijiweni. Aliyekuwa akihesabu siku hana tena cha kuhesabu.

Dawa yapatikana, na ithibati yake ni imara kuliko ya mambo mengi tunayoyaamini juu ya magereza. Methadoni na buprenofini, zitolewazo kila siku kwa kipimo na chini ya uangalizi, huondoa arosto na kumrudishia mraibu wa heroini utulivu wa kufikiri. Huko New South Wales, Australia, mtafiti Sarah Larney na wenzake walichunguza watu zaidi ya 16,000 wenye uraibu wa afyuni waliopita gerezani kati ya mwaka 2000 na 2012: muda ambao mfungwa alikuwa akipata dawa hizi, hatari yake ya kufa kwa sababu yoyote ilipungua kwa asilimia 74, hatari ya vifo visivyo vya maradhi, ambavyo kujiua ni kimojawapo, ilipungua kwa asilimia 87, na katika majuma manne ya kwanza ya kifungo hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 94. Uchunguzi wa magereza 39 ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2017, uliona kuwa waliotoka wakiwa bado wanatumia dawa hizi walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 75, katika majuma manne ya kwanza ya uhuru, kuliko wale waliotoka bila dawa. Sijui ni chanjo gani ingetupa matokeo kama haya nasi tukaendelea kubishana kama yafaa au haifai.

Mataifa yenyewe yalikwisha kukubali jambo hili kwa maandishi. Kanuni za Nelson Mandela juu ya matunzo ya wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015, zataka katika kanuni ya 30 kwamba kila mfungwa aonwe na mganga mapema baada ya kuingia, atazamwe kama ana dalili za kutaka kujiua au kujidhuru, na kama ana maradhi ya kuachishwa dawa za kulevya, dawa za tiba au pombe. Mambo hayo mawili yamewekwa katika ibara moja. Kanuni ya 24 yaongeza kwamba tiba ya uraibu iendelee bila kukatika, kutoka uraiani hadi gerezani na kutoka gerezani hadi uraiani.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, kukatika huko ndiko penye jeraha. Heroini iliingia miji ya pwani, Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam, kwa njia za bahari, ikakuta vijana wengi wasio na kazi. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwezi Februari 2011, nao ulikuwa mpango wa umma wa kwanza wa namna hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Kenya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2014, na Zanzibar ikaanza katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa dawa yake ya maji mbele ya mwuguzi, kisha huenda zake. Basi na tumfikirie mgonjwa huyo akikamatwa Ijumaa kwa msako wa kijiweni. Jumamosi hanywi, Jumapili hanywi, na arosto ya methadoni, ambayo huchelewa kuanza kuliko ya heroini lakini hudumu majuma kadha, humkuta rumande mahali asipojulikana kwa jina wala kwa maradhi. Akikaa humo siku nyingi, hata akirudi kliniki sharti aanzishwe upya kwa kipimo kidogo. Mtu huyu hakuwa mraibu aliyepuuza tiba. Alikuwa mgonjwa mtiifu, na kosa la kumkatiza si lake. Barua moja baina ya kituo cha polisi na kliniki, au simu ya dakika tano, ingemwokoa, na kwa rai ya mwandishi huyu hakuna jambo lenye gharama ndogo na faida kubwa kuliko hilo katika shauri lote hili.

Kuna tiba nyingine isiyohitaji duka la dawa. Magereza mengi, yakishuku kwamba mtu ataka kujiua, humvua nguo na kumfungia peke yake, kwa nia ya kumwondolea vitu vya kujidhuru. Kuondoa vitu hivyo ni lazima, lakini upweke ni sumu: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2021 yaliona kwamba kulala peke yake chumbani kulihusiana sana na kujiua, na kutotembelewa na mtu vilevile. Njia iliyo bora ni macho ya watu na maneno ya watu. Katika gereza la Swansea, huko Wales, mwaka 1991, jumuiya ya hisani iitwayo Samaritans ilianza kuwafundisha wafungwa wenyewe kuwasikiliza wenzao kwa siri, usiku na mchana, na mpango huo ukaenea katika magereza mengi ya Uingereza. Magereza yetu yana wanyapara, wazee wa chumba na maimamu na wachungaji wanaozuru; watu hawa tayari hujua nani ameacha kula, nani agawa nguo zake, nani alikuwa na fadhaa jana na leo ametulia ghafla bila sababu. Kinachokosekana ni kufundishwa dalili hizo zina maana gani, na kuwa na mtu wa kumwambia atakayetenda badala ya kuadhibu.

Adhabu, katika jambo hili, ina historia yake. Kanuni za Adhabu za Kenya na za Tanganyika, zilizoletwa na watawala wa Kiingereza mwaka 1930, zilifanya kujaribu kujiua kuwa jinai, kwa kufuata sheria ya kwao. Uingereza yenyewe iliifuta jinai hiyo kwa sheria ya mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, lakini kifungu cha 217 kilibaki katika kitabu cha Tanganyika na baadaye cha Tanzania, na kifungu cha 226 kikabaki katika kile cha Kenya. Matokeo yake ni kwamba mahabusu aliyeokolewa katika kitendo cha kujiua aliweza kuongezewa shitaka juu ya lile la kwanza, na kwamba mwenye fikira hizo alikuwa na sababu nzuri ya kuzificha mbele ya askari. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 chakiuka katiba ya nchi. Dini zetu zakataza kujiua, na katazo hilo limewazuia wengi wasifike ukingoni. Lakini hakuna katika dini hizo amri ya kumnyima mgonjwa tabibu, wala ya kumtupa korokoroni aliyekwisha kuvunjika.

Msomaji ambaye ndugu yake amekamatwa, au atatoka gerezani juma hili, ana kazi ya kufanya wala asingoje serikali. Ndugu yako akikamatwa, nenda kituoni siku hiyo hiyo ukamwambie mkuu wa zamu kwa uwazi kwamba huyu ni mraibu, anatumia kitu gani, anakunywa dawa kliniki gani, na kama alikwisha kujaribu kujidhuru. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko msiba wa kunyamaza. Akitoka, mlaki langoni, usimwache alale peke yake katika majuma ya kwanza, mfikishe kliniki kabla hajafika kijiweni, na umwulize kwa jina la jambo lenyewe kama anafikiri kujiua. Watu huogopa swali hilo kwa kudhani kuwa litampa wazo asilokuwa nalo; uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba halimpi. Akikujibu ndiyo, kaa naye, ondoa karibu yake kila kitu cha hatari, na umpeleke hospitali yenye tabibu wa maradhi ya akili siku hiyo hiyo.